John Williamson

John Thoburn Williamson (10 Februari 1907 – 8 Januari 1958) alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua mgodi wa almasi wa Mwadui katika Tanganyika, leo Mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania. Aliumiliki na kuuendesha mgodi huo tangu 1940 hadi alipofariki. Wakati wa uhai wake alihesabiwa kuwa miongoni mwa watu matajiri zaidi duniani.

Anajulikana pia kwa kushindana na kampuni ya De Beers, iliyodhibiti soko la almasi duniani, na kwa almasi ya rangi ya waridi aliyompa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947.

Historia ya mgodi wake ni mfano wa swali linaloendelea kujadiliwa Tanzania: madini yaliyo chini ya ardhi ni ya nani, na wananchi wanaoishi juu ya ardhi hiyo wana haki gani. Tangu 1940 mgodi wa Mwadui umepita mikononi mwa mtu binafsi, ubia wa kampuni na serikali, serikali peke yake, na tena ubia wa kampuni na serikali.

Maisha ya awali

Williamson alizaliwa Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Mwanzoni alikusudia kuwa mwanasheria, lakini baada ya kushiriki safari ya utafiti wa miamba huko Labrador alihamia masomo ya jiolojia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1933, na kwa sababu hiyo wengi walimwita Dokta Williamson.

Baada ya masomo alikwenda Afrika Kusini, kisha akaajiriwa na kampuni ya Loangwa Concessions katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Hapo ndipo alipoanza kazi ya kutafuta almasi.

Mabuki na miaka ya kutafuta

Katikati ya miaka ya 1930 Williamson alihamia Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Mgodi huo haukuwa na faida kubwa. Wenye mali walipotaka kuacha kazi, Williamson aliuchukua na kuendelea kwa gharama zake mwenyewe.

Alikuwa na hoja moja ya kisayansi. Almasi chache zilikuwa zimeonekana sehemu mbalimbali za Usukuma, lakini chanzo chake hakikujulikana. Williamson aliamini kwamba karibu kulikuwa na bomba la kimberlaiti, yaani mwamba wa volkano ya kale uliopanda kutoka kina kirefu ukibeba almasi hadi karibu na uso wa ardhi. Mvua na vijito huweza kuzisambaza almasi mbali na bomba lenyewe. Kwa hiyo mtafutaji anapaswa kufuata mabaki madogo kwenye changarawe hadi kufika chanzo.

Kwa miaka kadhaa alizunguka na kikundi cha vibarua Waafrika waliochimba mashimo ya majaribio na kuchekecha changarawe. Fedha zilimwishia mara kwa mara, na aliugua malaria. Aliyemsaidia zaidi ni Iqbal Chand Chopra, mwanasheria mwenye asili ya India aliyekuwa na ofisi Mwanza. Chopra alimkopesha fedha na kumshauri kuhusu sheria, na baadaye akawa mbia wake katika kampuni.

Ugunduzi wa Mwadui

Mwezi Machi 1940 kikundi cha Williamson kilipata almasi mahali panapoitwa Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga. Uchunguzi ulionyesha kuwa hapo palikuwa na bomba la kimberlaiti lenye eneo la hekta 146 hivi kwenye uso wa ardhi, sawa na viwanja vya mpira 200 hivi. Ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeanza na mashine zilikuwa adimu. Williamson alianza kwa vifaa vya kuungaunga, huku vibarua wengi wakifanya kazi kwa mikono. Almasi zilihitajika sana vitani, kwa kuwa zile zisizofaa kwa vito hutumika kukatia na kusaga vyuma viwandani. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds Limited iliundwa, naye akabaki na sehemu kubwa ya hisa.

Sheria iliyompa mgodi

Mwadui haikuwa nchi tupu. Ilikuwa sehemu ya Usukuma, ambako watu walilima na kufuga ng'ombe chini ya watemi wao. Hata hivyo ugunduzi wa almasi haukuwapa wakazi au watemi haki ya kumiliki madini hayo.

Sababu ilikuwa sheria. Chini ya sheria ya ardhi ya 1923, ardhi yote ya Tanganyika ilitangazwa kuwa ardhi ya umma chini ya usimamizi wa gavana aliyekaa Dar es Salaam. Wenyeji walitambuliwa kuwa na haki ya kuitumia ardhi kwa kufuata mila zao, lakini si kuimiliki moja kwa moja. Madini yalitengwa zaidi: sheria za madini za utawala wa Waingereza ziliyaweka yote mikononi mwa serikali. Mtu aliyetaka kuchimba alipaswa kupata kibali cha serikali na kuilipa mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini yaliyopatikana.

Kwa hiyo mkulima wa Mwadui angeweza kuwa na haki ya kulima shamba lake, lakini si haki ya jiwe lililokuwa chini ya shamba hilo. Williamson, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na ardhi hiyo kabla ya 1940, alikuwa na haki ya jiwe kwa sababu alikuwa na hati ya serikali.

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza iliitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu 1946 chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza izingatie sheria na mila za wenyeji, na kulinda maslahi yao, inapotunga sheria za ardhi na maliasili. Wananchi walianza kutumia nafasi hiyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka Umoja wa Mataifa malalamiko ya Wameru walioondolewa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Lakini kesi ya Wameru ilihusu ardhi ya kulima na kulisha mifugo. Kanuni kwamba madini ni ya serikali haikubadilishwa.

Mgodi na mji wake

Baada ya vita Mwadui ilikua haraka. Williamson alijenga mitambo, nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, bwawa la maji na uwanja wa ndege. Maelfu ya Waafrika walipata ajira, pamoja na mafundi na wasimamizi kutoka Ulaya na Asia. Kama ilivyokuwa kote Tanganyika, makazi na mishahara vilifuata ubaguzi wa rangi wa wakati huo.

Mji huo ulizungushiwa uzio na kulindwa saa zote. Almasi ni ndogo, ina thamani kubwa na ni rahisi kufichwa, hivyo upekuzi ulikuwa sehemu ya maisha ya mfanyakazi. Serikali nayo ilitunga sheria maalumu ya kulinda biashara ya almasi, iliyozuia watu kuingia eneo lililotengwa bila kibali na kufanya umiliki wa almasi ghafi bila leseni kuwa kosa.

Uzio ulitenganisha maisha ya aina mbili. Ndani kulikuwa na umeme, maji ya bomba na matibabu. Nje wakazi waliendelea na kilimo na ufugaji. Mrabaha na kodi za mgodi zilikwenda Hazina ya serikali kuu, wala sheria haikuvitengea vijiji vya jirani sehemu maalumu.

Williamson mwenyewe aliishi Mwadui na hakuoa. Alijulikana kuwa mtu mpweke, asiyependa sherehe wala waandishi wa habari, ingawa utajiri wake uliandikwa sana katika magazeti ya nje.

Almasi ya waridi

Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5 ilipatikana Mwadui. Almasi za rangi hiyo ni adimu sana. Williamson aliitoa kama zawadi ya arusi kwa binti mfalme Elizabeth, aliyefunga ndoa mwezi Novemba mwaka huo. Ilichongwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier iliiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Elizabeth, aliyekuwa malkia tangu 1952, aliivaa mara nyingi katika maisha yake.

Zawadi hiyo iliutangaza mgodi wa Mwadui duniani kote. Inaonyesha pia jinsi umiliki ulivyoeleweka wakati ule: jiwe lililotoka katika nchi iliyo chini ya udhamini wa kimataifa lilihesabiwa kuwa mali ya mtu mmoja, naye aliweza kumpa amtakaye.

Mvutano na De Beers

Biashara ya almasi wakati huo ilishikwa na De Beers, kampuni ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Ernest Oppenheimer. Mfumo wake ulikuwa kununua karibu almasi zote za dunia na kuziuza kidogokidogo kupitia London, ili bei isishuke. Mgodi mkubwa ulio nje ya mfumo ulikuwa tishio, kwa kuwa ungeweza kumwaga almasi nyingi sokoni.

De Beers ilitaka kuununua mgodi wa Mwadui, lakini Williamson alikataa. Kuhusu kuuza almasi zake kupitia London alikubali kwa masharti, kisha akagombana nao juu ya bei na kiasi alichoruhusiwa kuuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizuia almasi zake kwa muda, hadi makubaliano mapya yalipopatikana.

Ugomvi huu uliihusu pia serikali. Mrabaha na kodi vilitegemea bei ya almasi, hivyo serikali ya Tanganyika ilipata hasara Williamson alipokataa kuuza, na ilinufaika bei ilipokuwa juu. Ingawa haikuwa na hisa, tayari ilikuwa na maslahi makubwa katika mgodi.

Kifo na mauzo ya mgodi

Williamson alifariki Mwadui tarehe 8 Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Kwa kuwa hakuwa na mke wala watoto, hisa zake zilirithiwa na ndugu zake.

Warithi hawakukusudia kuendesha mgodi. Mwaka huohuo 1958 uliuzwa, na umiliki ukagawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers, ambayo sasa iliongozwa na Harry Oppenheimer, na serikali ya Tanganyika. Hivyo kampuni ambayo Williamson alikataa kuiuzia ilipata nusu ya mgodi miezi michache baada ya kifo chake. Wakati huohuo serikali ikawa mmiliki wa hisa katika mgodi huo mkubwa, miaka mitatu kabla ya uhuru.

Mgodi baada ya uhuru

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, serikali mpya ya Julius Nyerere ilirithi nusu ya mgodi na pia kanuni ya zamani kwamba madini yote ni ya dola. Kanuni hiyo ilipata maana mpya. Mwaka 1962 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio namba 1803 kuhusu mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya maliasili zao. Nchi nyingi zilizotoka kutawaliwa ziliona kwamba dola ndiyo inayoshika madini kwa niaba ya wananchi wote.

Azimio la Arusha la 1967 liliyataja madini kati ya njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya umma, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilitaifisha mgodi wa Mwadui. Mwaka 1972 liliundwa Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Hata hivyo mitambo ya Mwadui ilichakaa kwa kukosa uwekezaji, na uzalishaji ulishuka sana.

Mwaka 1994 De Beers ilirudi ikiwa na asilimia 75 ya hisa, serikali ikibaki na 25. Mwaka 2009 hisa za De Beers zilichukuliwa na Petra Diamonds. Kampuni ya mgodi bado inaitwa Williamson Diamonds.

Mwaka 2017, wakati wa Rais John Magufuli, Bunge lilipitisha sheria kuhusu mamlaka ya nchi juu ya utajiri wa asili na maliasili, na kurekebisha Sheria ya Madini ya 2010. Marekebisho hayo yaliipa serikali angalau asilimia 16 ya hisa katika kila mgodi mkubwa bila kulipia. Mwaka huohuo shehena ya almasi za Mwadui zaidi ya karati 71,000 ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere mjini Dar es Salaam. Serikali ilidai kwamba thamani yake ilitajwa chini ya thamani halisi, kampuni ilikanusha. Desemba 2021 pande hizo mbili zilitia saini mkataba uliolenga kumaliza migogoro yao na kuongeza hisa za serikali hadi asilimia 37.

Wakazi wa jirani

Mabadiliko hayo yote yalihusu mgawanyo kati ya kampuni na serikali. Kwa wakazi wa vijiji vinavyozunguka mgodi, na wa mji mdogo wa Maganzo ulio karibu, jambo moja halikubadilika: eneo la leseni ni la mgodi, na anayeingia kuchimba bila ruhusa ni mhalifu. Kwa miaka mingi vijana wanaoitwa wabeshi wameingia humo usiku kutafuta almasi katika changarawe na mabaki, wakihatarisha maisha yao.

Mwaka 2020 wakazi na wachimbaji walifungua madai nchini Uingereza, wakisema kwamba walinzi wa mgodi na polisi walijeruhi na kuua watu katika eneo la leseni. Mei 2021 Petra Diamonds ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 katika maridhiano na walalamikaji 71, bila kukiri kuwajibika kisheria. Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulikubali kwamba matukio ya vifo, majeraha na mateso yalikuwa yametokea. Maridhiano hayo yalihusisha pia miradi ya jamii na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wakazi. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka na tope likafunika mashamba na makazi ya jirani. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini familia kadhaa zilihamishwa.

Sheria ya sasa inawapa wakazi haki zaidi kuliko ile ya 1940. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki za kimila za ardhi, na mwenye ardhi anapaswa kulipwa fidia anapoondolewa. Tangu 2017 mwenye leseni analazimika kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo. Halmashauri hutoza pia ushuru wa huduma. Mchimbaji mdogo anaweza kuomba leseni yake mwenyewe.

Lakini msingi ni uleule: madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, yawe almasi ya Mwadui, tanzanaiti ya Mererani, au mawe na mchanga wa ujenzi unaochimbwa pembezoni mwa Dar es Salaam kama Kunduchi. Mwenye shamba ana haki ya fidia kwa ardhi na mazao yake, si kwa thamani ya madini. Mererani, ambako serikali ilijenga ukuta mwaka 2018 kuzuia utoroshaji wa tanzanaiti, inakumbusha uzio wa Williamson, ingawa uliojengwa mara hii ni wa dola.

Kumbukumbu

Jina la Williamson limebaki katika kampuni ya mgodi na katika bruchi ya kifalme huko Uingereza. Vitabu vya nje vimemweleza hasa kama mtafutaji mvumilivu aliyeshinda umaskini, magonjwa na kampuni kubwa. Sifa ya uvumilivu ni ya haki, kwa kuwa hoja yake ya kijiolojia ilikuwa sahihi wakati wengine walipokata tamaa.

Katika historia ya Tanzania anakumbukwa pia kwa namna nyingine. Mgodi wake ulionyesha mapema jinsi utajiri mkubwa unavyoweza kutoka katika ardhi ya watu wasio na sauti juu yake. Mjadala wa baada ya uhuru ulijikita zaidi katika fungu la taifa dhidi ya wageni, na fungu hilo limeongezeka. Fungu la Kishapu, wilaya ambayo Mwadui imo leo, na la vijiji vinavyopakana na mgodi bado linatafutwa kupitia halmashauri, mahakama na Bunge.